Usinunue Ruta Nyingine Kabla Hujapima: Mwongozo wa Kusoma Mtandao wa 4G Nyumbani

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Vijiti vya mtandao vimejaa, mbona video inazunguka tu?" "Ninunue ruta gani?" "Kuna antena wanauza Kariakoo, nikiifunga juu ya bati itasaidia?" Mara nyingi anayeuliza ameshatoa hela. Ameshabadilisha laini mara mbili, ameshanunua ruta ya pili, na ile ya kwanza imelala kabatini ikiwa nzima kabisa.

Inaniuma kuona mtu anatupa hela ya mwezi kwa kubahatisha, wakati simu aliyoishika inaweza kumwambia ukweli ndani ya siku moja. Ukipima, utajua shida yako iko wapi: mahali ulipoweka ruta, bendi (fungu la masafa ya redio) unayoshika, umbali na vizuizi, au mnara uliojaa watu. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Ruta ya bei mbaya haiwezi kupunguza watu kwenye mnara.

Mfano wangu ni nyumba ya shangazi, Goba, Dar es Salaam. Nyumba ipo bondeni, imeezekwa bati, madirisha ni ya aluminiamu yenye vioo vyeusi. Alinipigia akasema, "Mwanangu, hili bando linaisha na sijaona mahubiri hata yakafika katikati." Ruta ilikuwa juu ya kabati la TV, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi.

UNACHOHITAJI

- Simu ya Android yenye 4G. iPhone inafaa pia, ila inaonyesha taarifa chache na kwa njia ya mzunguko.
- Laini ya kila mtandao unaofikiria kuutumia. Azima kwa jirani au ndugu kwa nusu saa. Usinunue kifurushi cha mwezi cha mtandao ambao hujaupima ukiwa ndani ya nyumba yako.
- Programu ya kusoma minara: NetMonster au Network Cell Info Lite, zote ni bure.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kichwa. Ukifika chumba cha nne utakuwa umeshasahau cha kwanza.
- MB za kupimia spidi. Piga hesabu: spidi ya Mbps 20 (megabiti 20 kila sekunde, na biti 8 ni baiti 1) kwa sekunde 10 ni MB 25 zimekwenda, na hapo ni kupakua peke yake. Kwa zoezi zima tenga walau MB 500.
- Ekstensheni ya mita tano au zaidi, ili uweze kuzunguka na ruta ikiwa inawaka.
- Kikokotoo. Cha kwenye simu kinatosha.

KWANZA, HAKIKISHA SHIDA SI WAIFAI

Hili ni la dakika mbili na wengi wanaliruka. Simama mita mbili kutoka kwenye ruta, pima spidi. Nenda chumba cha mwisho, pima tena. Kama karibu na ruta unapata Mbps 15 na chumbani unapata 2, mtandao wa mnara hauna kosa. Waifai ndiyo haivuki kuta, kwa hiyo soma Hatua ya 7 moja kwa moja. Kama ni mbovu kotekote, endelea.

NAMBA NNE, NADHARIA KIDOGO TU

RSRP ni nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia. Inaandikwa kwa dBm na ni namba hasi, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -105. Ikipungua kwa 3, nguvu imebaki nusu. Ikipungua kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kati ya -85 na -105 kuna tofauti ya mara 100, si kitu kidogo.

SINR ni usafi wa mawimbi hayo. Fikiria uko harusini karibu na spika na mtu anakuita. RSRP ni ukubwa wa sauti yake. SINR ni sauti yake ukilinganisha na muziki. Anaweza kupaza sauti sana na bado usimsikie. Vijiti vya juu ya skrini vinatazama zaidi nguvu, na kila mtengenezaji wa simu anajipangia kijiti kimoja kianzie wapi. Ndiyo maana simu mbili za mtandao mmoja, mezani pamoja, zinaonyesha vijiti tofauti.

EARFCN ni namba ya masafa unayotumia. Ndiyo inayokuambia uko bendi gani.

Utambulisho wa seli, ambao programu nyingi huuandika CI au ECI, unakuambia ni mnara upi na ni upande gani wa mnara huo.

HATUA YA 1: ANDAA SIMU

Zima waifai. Vua kava, hasa lile lenye pete au bamba la chuma la kushikia simu kwenye gari. Washa huduma ya mahali (Location). Android haiziruhusu programu kusoma mnara kama huduma hiyo imezimwa, kwa sababu anayeujua mnara wako anajua na ulipo. Watu wengi huona programu haina kitu na kudhani simu yao haifai, kumbe ni hilo tu.

Kisha ilazimishe simu ibaki 4G. Andika *#*#4636#*#* kwenye sehemu ya kupigia. Kwenye simu nyingi ukurasa hufunguka wenyewe bila kubonyeza kitufe cha kupiga. Ingia kwenye taarifa za simu, tafuta aina ya mtandao unaopendelewa, chagua LTE pekee (LTE ndiyo 4G). Kwenye Samsung nyingi *#0011# hukuonyesha namba za mtandao hapo hapo. Kwenye iPhone andika *3001#12345#* kisha piga.

Onyo: simu iliyowekwa LTE pekee, kama haina VoLTE (kupiga simu kupitia 4G) au laini haijawezeshwa, haipokei simu za kawaida. Anayekupigia ataambiwa hupatikani. Mimi nilisahau kuirudisha siku nzima, nyumbani wakawa wananitafuta tangu asubuhi wakidhani nimepatwa na jambo. Andika juu ya ukurasa wa daftari: "RUDISHA MTANDAO." Ukimaliza, rudisha.

Kama simu ina laini mbili, hakikisha unasoma laini sahihi. Programu huonyesha namba ya nchi na ya mtandao. Tanzania ni 640: Vodacom 04, Airtel 05, Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo 02, Halotel 09, TTCL 07. Kenya ni 639, ambako Safaricom ni 02 na Airtel ni 03. Uganda ni 641. Walio Namanga, Sirari au Mutukula waitazame hii namba hata siku ambazo hawapimi, maana simu ikishika mnara wa ng'ambo ya mpaka inaweza kukata hela ya kutumia mtandao wa nje huku mwenyewe ukiwa umekaa sebuleni kwako.

HATUA YA 2: CHORA NYUMBA, PIMA KILA MAHALI

Chora vyumba kwenye daftari, usihangaike na uzuri. Weka alama kwenye madirisha yote, kona za sebule, korido na nje pande zote nne. Kila alama fanya hivi:

a) Weka simu juu ya kiti au kingo ya dirisha, usiishike. Mkono na mwili hunyonya mawimbi, na namba itayumba kila ukijigeuza.
b) Subiri dakika moja. Namba za kwanza ni za mahali ulipotoka.
c) Soma RSRP na SINR mara tatu, kila baada ya sekunde kumi, andika ya katikati.
d) Andika pia EARFCN na utambulisho wa seli. Ukiona seli imebadilika kati ya chumba na chumba, izungushie duara. Hiyo ni habari kubwa.

Kwa shangazi nilipata hivi. Juu ya kabati la TV: RSRP -113, SINR 0. Dirisha la jikoni: -101, SINR 6. Dirisha la chumba cha watoto, upande unaotazama mlimani: -93, SINR 14. Uani, nje kabisa: -88, SINR 17. Kutoka kabatini hadi dirisha la watoto ni hatua kumi na moja tu, na tofauti yake ni 20, yaani mara 100 ya nguvu. Kabatini pale ruta ilikuwa na ukuta wa tofali nyuma, TV mbele na bati juu.

HATUA YA 3: SOMA ULICHOANDIKA

Kwa RSRP:
- -80 au bora zaidi: huna cha kulalamikia kuhusu nguvu.
- -80 hadi -95: nzuri.
- -95 hadi -105: inatosha ukiwa na SINR nzuri.
- -105 hadi -115: dhaifu.
- Mbaya kuliko -115: kila ukuta na kila mti utausikia.

Kwa SINR:
- 20 na zaidi: safi sana.
- 13 hadi 20: nzuri.
- 5 hadi 13: wastani.
- 0 hadi 5: dhaifu.
- Chini ya 0: kelele zimeizidi sauti.

Ukilazimika kuchagua kati ya sehemu mbili, fuata SINR. Mahali penye -100 na SINR 15 patakupa spidi kuliko penye -85 na SINR 3. Kosa hili nimelikuta hata kwa mafundi: wanazungusha antena hadi nguvu ifike juu, wanaifunga, wanaondoka, na mteja anabaki na mtandao uleule.

Simu nyingine haitoi SINR. Tumia RSRQ, kipimo kingine cha ubora wa mawimbi, badala yake: -10 au bora ni nzuri, mbaya kuliko -15 ni shida. Ujue tu kwamba RSRQ hushuka pia watu wanapojaa kwenye mnara, kwa hiyo ilinganishe kwa saa ileile.

HATUA YA 4: JUA UKO BENDI GANI

Chukua EARFCN uliyoandika, itafute hapa (masafa ni kwa MHz):

- 0 hadi 599: bendi ya 1, masafa ya 2100
- 1200 hadi 1949: bendi ya 3, masafa ya 1800
- 2750 hadi 3449: bendi ya 7, masafa ya 2600
- 3450 hadi 3799: bendi ya 8, masafa ya 900
- 6150 hadi 6449: bendi ya 20, masafa ya 800
- 9210 hadi 9659: bendi ya 28, masafa ya 700
- 38650 hadi 39649: bendi ya 40, masafa ya 2300

Masafa ya chini, 700 na 800, yanafika mbali na yanavuka kuta vizuri zaidi. Lakini barabara yake ni nyembamba. Bendi yote ya 20 ina MHz 30 za kupakulia, na mitandao inagawana hizo hizo. Bendi ya 3 ina MHz 75. Kwa hiyo unaweza kuwa na vijiti vimejaa kwenye bendi ya 20 na spidi ikawa ndogo, huku bendi ya 3 yenye kijiti kimoja pungufu inakwenda mbio. Ruta na simu zikiwa ndani mara nyingi hukimbilia bendi ya chini kwa sababu ndiyo inayosikika kwa nguvu. Ukiisogeza dirishani, yenyewe huhama.

Hapa pia ndipo ujifunze kununua. Kabla ya kulipia ruta iliyotumika au iliyoletwa na mtu kutoka nje, soma bendi zake kwenye kibandiko au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ruta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani zina bendi za 2, 4, 12, 13 na 66, na hazina 20 wala 28. Itawaka, itapendeza, na usiku kucha haitaliona hata wimbi moja la 800.

HATUA YA 5: TAFUTA MNARA ULIPO

Gawanya utambulisho wa seli kwa 256. Namba nzima ni mnara, kinachobaki ni seli mojawapo ya mnara huo. Mfano wa kujifunzia: 25678082 ukigawanya kwa 256 unapata 100305.0078. Mnara ni 100305. Chukua 0.0078125 uzidishe kwa 256, unapata 2. Basi uko seli ya 2. NetMonster hukupigia hesabu hii, lakini ni vizuri kuijua, kwa sababu kurasa nyingi za ruta zinakupa namba ndefu tu.

Minara mingi ina pande tatu, kila upande ukitazama sehemu yake. Ukiona mnara ni uleule na seli inabadilika kati ya jikoni na sebuleni, unakaa mpakani mwa pande mbili, na SINR itakusumbua mpaka uchague upande mmoja.

Kwa umbali, tafuta TA, namba inayotokana na muda wa mawimbi kusafiri kati yako na mnara. Kila 1 ni mita 78. TA ya 14 ni kama kilomita 1.1. Si simu zote zinaitoa, na mawimbi yakigonga mlima kabla ya kufika, safari nayo inahesabiwa humo. Kupata upande, toka nje na utembee kuizunguka nyumba ukiwa na simu. Upande ambao namba ni nzuri kuliko pande zote ndio unaotazama mnara, au mwanya ambao mawimbi yanapitia. Usiridhike na mnara unaouona kwa macho. Goba pale kuna mnara unaonekana kutoka kibarazani, na nyumba ya shangazi ilikuwa inashika mwingine uliojificha nyuma ya mlima.

HATUA YA 6: PIMA SPIDI KWA SAA TATU TOFAUTI

Mahali palipotoa SINR bora kuliko kwingine, pima spidi saa 11 alfajiri, saa 8 mchana na saa 3 usiku. Kila mara andika na RSRP na SINR.

Hatua hii ndiyo inayookoa hela kuliko zote. Kama alfajiri unapata Mbps 30 na saa 3 usiku unapata 3, na RSRP haijabadilika, mnara umejaa. Watu wametoka kazini, kila mtu yuko kwenye simu, na seli moja inagawanywa kwa wote. Hapo antena haitakufaa, ruta mpya haitakufaa. Kinachofaa ni kuhamia bendi nyingine, upande mwingine wa mnara, mnara mwingine au mtandao mwingine. Na ndiyo sababu nilisema uazime laini za mitandao yote.

Kama spidi ni mbovu saa zote tatu na SINR ni chini ya 5, shida ni mawimbi. Endelea na hatua inayofuata.

HATUA YA 7: IPE RUTA MAHALI PAKE

Anza na dirisha lililoshinda kwenye daftari. Weka ruta juu, usawa wa kichwa au zaidi, lakini isikaribie bati. Juu ya dari mchana wa Dar ni tanuri, na ruta nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Ikipata moto inapunguza kasi au inajizima. Iweke mbali na friji, TV, maikrowevu na kioo kikubwa cha kujitazamia, maana nyuma ya kioo kuna rangi ya madini inayorudisha mawimbi.

Sasa kazi ya mkono. Fungua ukurasa wa ruta, kwa Huawei nyingi ni 192.168.8.1 na kwa ZTE nyingi ni 192.168.0.1, utafute namba za mtandao. Isogeze ruta upana wa kiganja kimoja, subiri dakika moja, soma SINR. Isogeze tena. Igeuze robo mzunguko, soma. Wimbi la masafa ya 1800 lina urefu wa kama sentimita 17, na ndani ya chumba mawimbi yanagongana na kuacha mifuko ya nguvu na mifuko ya udhaifu iliyokaribiana. Kwa shangazi, kingo ya kushoto ya dirisha la watoto ilitoa SINR 11 na ya kulia 16. Dirisha lilelile. Tuliigongea rafu ndogo ya mbao pale kulia.

Fungua kioo kisha upime. Kioo cheusi chenye utando wa metali hula mawimbi, na grili nene nazo hupunguza kidogo. Ukiona tofauti ya 5 au zaidi kati ya kioo kufungwa na kufunguliwa, hamia dirisha lenye kioo cha kawaida.

Ruta ikihamia dirishani, waifai inaweza kuwa dhaifu upande wa pili wa nyumba. Usiirudishe katikati. Vuta waya wa mtandao, ambao unafika mita 100 bila shida, hadi sebuleni, na mwisho wake weka ruta ya kawaida ya waifai isiyo na laini. Kwenye waifai ya GHz 2.4 chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Waifai ya GHz 5 ina kasi lakini huchoka kwenye ukuta wa pili.

HATUA YA 8: FUNGA BENDI, KAMA RUTA INAKUBALI

Kama Hatua ya 4 na ya 6 zimekuonyesha kwamba bendi fulani inakimbia kuliko nyingine, ilazimishe ruta ibaki hapo. Baadhi ya ruta zina sehemu hiyo kwenye ukurasa wake, nyingine hukubali kupitia programu ya nje, na ruta nyingi za mitandao zimezuiwa kabisa. Ikikubali, pima siku tatu kabla ya kusema umefaulu.

Onyo: ukifunga bendi kisha bendi hiyo izimwe kwa matengenezo, ruta haitahamia popote. Waonyeshe watu wa nyumbani jinsi ya kuirudisha, au waandikie kwenye karatasi ubandike chini ya ruta.

HATUA YA 9: ANTENA YA NJE IWE YA MWISHO

Nunua antena pale tu ambapo ndani kote ni mbaya kuliko -105 na nje, juu, simu ileile inaonyesha angalau 10 zaidi. Kama nje nako ni -112, antena itakusaidia kidogo sana.

4G hutumia njia mbili kwa pamoja, kwa hiyo antena iwe na waya mbili, au ziwe antena mbili zilizolazwa kwa mshazari, moja ikielemea kushoto na nyingine kulia. Waya mmoja unakunyima karibu nusu ya kasi. Tazama kichwa cha waya kabla ya kulipa: ruta za mkononi mara nyingi ni TS-9 au CRC9, za mezani ni SMA. Waya uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Waya mwembamba wa mita 10 unaweza kula karibu faida yote ya antena uliyolipia. Ni bora ruta ikae karibu na antena, na waya mrefu uwe ule wa mtandao.

Elekeza antena ule upande uliopata Hatua ya 5, zungusha kidogo kidogo, subiri dakika moja kila mara, fuata SINR. Kwenye baadhi ya ruta antena mbili za pembeni ni za waifai, ukichomeka antena ya 4G hapo umeharibu waifai na hujagusa mtandao. Na kwenye baadhi ya Huawei lazima uchague antena ya nje kwenye mipangilio, la sivyo inaendelea kutumia ya ndani.

Usipoteze hela kwa stika za dhahabu za kubandika nyuma ya simu, hazifanyi lolote. Antena ndogo ya mezani iliyoandikwa 40 dBi (kipimo cha nguvu ya antena kukusanya mawimbi) ni uongo mtupu. Ile ya umbo la mshale, iliyo nzima, hutoa kama 8 hadi 11. Vikuza mawimbi vinavyouzwa bila idhini viache kabisa. Vinarusha kelele kwenye mnara, vinawaharibia mtaa mzima, na mamlaka za mawasiliano, TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya, zote zinataka vifaa vya namna hiyo viwe vimeidhinishwa. Juu ya bati mpe fundi apande, siku ya jua, na nguzo ya chuma iungwe na waya wa kwenda ardhini kwa ajili ya radi.

UKIKWAMA

RSRP nzuri, SINR mbaya. Minara miwili inakugombania. Tumia nyumba yako kama ngao: weka ruta upande ambao ukuta utauziba mnara usioutaka. RSRP inaweza kushuka kidogo na SINR ikapanda, nawe utakuwa umefaidi.

Simu haipandi 4G kabisa, mahali popote. Kama laini ni ya zamani sana, nenda ukaibadilishe, namba inabaki ileile. Kadi za enzi za 2G haziwezi kujitambulisha kwenye 4G.

Namba zote safi, spidi ndogo hata alfajiri. Angalia kifurushi. Vifurushi vingi visivyo na kikomo hushusha kasi ukishatumia kiasi fulani. Kisha angalia APN (mpangilio unaounganisha laini na intaneti), hasa kama laini imetoka kwenye simu kwenda kwenye ruta.

Ruta inakatika kila baada ya saa kadhaa. Iguse. Kama ni ya moto, ihamishe. Kama si ya moto, soma adapta: ruta inayotaka volti 12 na ampea 1 ukiipa adapta ya nusu ampea, itawaka vizuri na kuzima pindi inapoanza kupakua kwa nguvu.

Mvua ikinyesha mtandao unakufa. Kwenye masafa ya 800 na 1800 mvua yenyewe haipunguzi kitu cha maana. Tazama RSRP mvua ikiwa inanyesha. Ikibaki ileile, tatizo liko mnarani: umeme umekatika, au mnara unaunganishwa na wenzake kwa dishi la masafa ya juu, ambayo mvua huyakata kweli. Ikishuka, tafuta mti wenye majani mengi kati yako na mnara.

Umemaliza yote na saa 3 usiku bado hali ni mbaya. Piga huduma kwa wateja, lakini usiwaambie "mtandao unasumbua", kwa sababu jibu lake ni "zima simu uwashe". Wasomee daftari: "Nipo Goba, mnara 100305, seli ya 2, EARFCN 1650. RSRP -93, SINR 14, saa 11 alfajiri Mbps 28, saa 3 usiku Mbps 2, kwa siku nne mfululizo. Naomba malalamiko haya yafike kwa wahandisi, na naomba namba ya kumbukumbu."